Kutoka Norsborg hadi Farsta kwa Ajili ya Utumbo wa Longaniza

Tangu Jumapili nimeulizwa habari hii kwenye simu, kwenye foleni ya duka la dawa na mara mbili nikiwa juu ya lifti na bisibisi mkononi. Kila anayeuliza amesikia kipande chake. Mmoja aliambiwa nilikamatwa Märsta. Sikukamatwa. Naandika yote kwa mpangilio, kituo kwa kituo, na nitaeleza hata mnayoyajua, kwa sababu najua mtawapelekea watu wasiotujua.

Wengi wenu mmekula longaniza ya Papa Deo. Ni jirani yangu hapa Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, mtu wa Bukavu, na soseji hiyo alifundishwa na Mhispania mmoja, Mzee Anselmo, walipokuwa pamoja kiwanda cha nyama. Anaitengeneza kwa nyama ya ng'ombe anayoinunua duka la halali. Mara nyingi nimekwenda naye. Miaka sita iliyopita alipoileta kwanza kwenye mkutano wetu wa Jumamosi wa watu wa Kiswahili, Waislamu kati yetu walisita, maana walisikia kuwa soseji ya Wahispania ni nguruwe. Mkanigeukia mimi, fundi lifti mwenye makasha ya kadi ninazoandikia asili ya maneno.

Nilifanya utafiti wiki mbili. Kisha nikasimama, nikasoma kadi yangu: neno longaniza linatokana na jina la Kilatini la soseji ya watu wa Lucania, kusini mwa Italia. Askari wa Kirumi waliila huko, wakaondoka nayo pamoja na jina lake. Kwa hiyo neno linataja watu, halitaji mnyama. Ndani yake ni nyama yoyote utakayoiweka. Mkapiga makofi, mkala. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Alhamisi ya wiki iliyopita mke wangu, Bi Zuhura, alikuwa anageuza longaniza kwenye kikaango, akasimama.

"Baba Asha," akasema, "nyama ni ya ng'ombe, sawa. Na hii nguo yake je?"

"Nguo gani?"

"Hii iliyoivaa."

Sikuwa na kadi ya jambo hilo.

Nilishuka ghorofa mbili kwa Papa Deo. Alisema utumbo wa kujazia alikuwa anapewa na Anselmo, umelala kwenye chumvi ndani ya kopo la aiskrimu. Kopo la mwisho, kubwa, alipewa miaka miwili iliyopita. Hakuwahi kuuliza ni wa mnyama gani. Kiwandani alisimama kwenye mashine ya kujaza, na utumbo wa huko ulikuwa wa kutengenezwa, si wa mnyama.

"Fundi wangu akinipa kitu, minapokea kwa mikono miwili," alisema. "Siwezi kuuliza kitu ya zawadi baba yake ni nani."

Nikarudi juu na soseji kumi, nikazipima kwa kifaa changu cha kazini. Vitabu vinasema utumbo wa kondoo kwa kawaida hauzidi milimita ishirini na sita, na wa nguruwe huanzia ishirini na nane. Nilipata ishirini na saba. Nikapima tena. Ishirini na saba.

Jumapili ilikuwa akika ya mjukuu wangu wa kwanza. Wakwe zetu wangekuja kutoka Uppsala, wakiongozwa na Bi Mwanaisha, mama wa mkwe wangu, mwanamke wa Mombasa ambaye huwezi kudanganya mbele yake. Na Papa Deo alikwisha kutengeneza kilo kumi na mbili za longaniza kama zawadi ya mtoto. Simu ya Anselmo ilikuwa haitumiki tena. Tulichokuwa nacho ni anwani ya Märsta kwenye bahasha ya zamani.

"Miaka miwili hukumtembelea fundi wako?" nilimuuliza.

"Mon frère, Märsta ni mbali."

Jumamosi saa mbili asubuhi tukaondoka.

NORSBORG HADI FITTJA

Vituo vitatu tu. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, na pale Fittja treni ikafungua milango ikabaki imefungua. Sauti ikatangaza tusubiri mabasi. Papa Deo alikuwa na mfuko wa kubebea vyakula vya baridi, ndani yake longaniza mbili mbichi na moja iliyokaangwa, kama vielelezo. Baridi ilipotuzidi tuliingia duka moja la halali karibu na kituo.

Mwenye duka alikuwa mtu wa Aleppo. Tuliongea Kiswidi, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Kwenye jokofu lake niliona soseji ndogo ndogo, fupi kama vidole, nikauliza zinaitwaje.

"Naqaniq. Wengine husema laqaniq."

Nilitoa kadi. Nilimweleza kwamba jina hilo na longaniza ni ndugu wa baba mmoja, kwamba yote mawili yametoka Lucania.

"Lucania?" akasema. "Sina mteja hata mmoja wa huko."

"Ni zamani. Kabla ya Uislamu."

"Zamani hizo Aleppo ilikuwa na soko. Hao watu wako walikuwa na nini?"

"Soseji," nilisema.

Alicheka, ila si kwa kukubali. Papa Deo akamuuliza naqaniq imevaa nini. Kondoo, akasema, utumbo wa kondoo, mwembamba, na akainua kidole chake cha mwisho kutuonyesha. Papa Deo akafungua mfuko, akalaza longaniza yetu kando ya ile yake juu ya kaunta. Yetu ilikuwa nene karibu mara mbili.

Mwenye duka aliitazama, akanitazama mimi, akaenda kunawa mikono.

Lakini alirudi na chai katika vikombe vidogo na mkate wa zaatari, kiungo cha kwao, akakataa kabisa kulipwa. Tulipotoka alinishika bega. "Ukipata jibu, pita uniambie. Kama ni baya, usipite."

TRENI YA MÄRSTA

Basi lilitufikisha mjini karibu saa tano. Tukashuka chini kabisa kwenye treni ya vitongojini. Ilikwenda vizuri mpaka karibu na Upplands Väsby, ikasimama kwenye theluji. Behewa lote likawa kimya, watu na simu zao.

"Hawa Waswidi," Papa Deo akasema kwa sauti kubwa ya kanisani, "kama wanakaa kimya vile, wanawaza nini?"

"Wanawaza utanyamaza lini."

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa sare ya usafi ya uwanja wa ndege. Alikuwa ananusa. Mwishowe akainama kuelekea kwenye mfuko, akasema kwa Kiswidi, "Samahani. Hiyo ni longganisa?"

Tulishtuka wote wawili kana kwamba ameita majina yetu. Jina lake Marites, wa Ufilipino, na kwao soseji hiyo huliwa asubuhi kwa wali na yai. Wahispania waliacha neno lao huko na wenyeji wakaendelea nalo. Niliandika haraka. Papa Deo, aliyekwisha kufurahi, akakata kipande cha ile iliyokaangwa akampa kwenye kitambaa cha karatasi.

Alitafuna huku anatazama dirishani. "Nzuri," akasema. "Sukari iko wapi?"

"Sukari?" Papa Deo akanigeukia mimi, si yeye. "Anauliza sukari?"

"Bila sukari si longganisa," mama akasema kwa upole, kama muuguzi anayempa mtu majibu ya vipimo. Akaongeza kwamba kwao wapo hata wanaoitengeneza bila ngozi, inaviringishwa tu.

Papa Deo akaruka. "Voilà! Tunazivua! Kilo zote kumi na mbili, leo tukirudi."

Nikamweleza kwamba hilo halisaidii. Nyama imelala ndani ya ngozi hiyo siku mbili, mafuta yameingiliana. Na hata kama tungeimenya ya kesho, miaka sita haimenyeki.

Marites alitaka kujua tunazungumza nini, nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo mimi, pamoja na kadi zangu, sikuwa nimejiuliza. "Na akisema ni nguruwe, utafanya nini?"

Treni ikaanza kwenda. Märsta tulishuka wote, yeye akaenda kwenye basi la uwanja wa ndege. Nje ya kituo Papa Deo alisimama.

"Kama ni nguruwe," akasema, "watu watasema Papa Deo aliwalisha."

"Watasema mimi ndiye niliyesoma kadi."

"Kadi haina uso, Baba Asha. Miye niko na uso. Kesho niko na kilo kumi na mbili mbele ya wakwe zako, na uso."

Nilimwambia kwamba likitokea hilo nitasimama mimi. Alitikisa kichwa tu. Tukatembea.

MÄRSTA, GHOROFA YA NNE

Jengo la kwenye bahasha tulilipata saa saba. Mlangoni tulikutana na bibi wa Kiswidi mwenye koti la zambarau na mifuko miwili ya manunuzi miguuni. Aliitazama jaketi yangu ya kazi, ambayo naivaa majira yote ya baridi kwa sababu ndiyo yenye joto.

"Hatimaye!" akasema. "Tangu Jumatano!"

Sijui Jumatano iliingiaje, lakini nilidhani Anselmo amewaambia majirani kwamba siku zote anamsubiri Deo, nikafurahi. Nikamwomba radhi kwa kuchelewa, nikataja theluji. Akatuongoza moja kwa moja mpaka kwenye lifti, akasimama, akakunja mikono.

Hapo nikaelewa. Nilifungua kinywa nimwambie kwamba sikutumwa na mtu, na jengo hilo lina mafundi wake. Lakini mlango wa lifti ulikuwa unajaribu kufunga, unagonga, unarudi, unajaribu tena, na sauti ile naijua kama wengine wanavyojua kikohozi cha mtoto wao. Nilipiga goti. Kwenye mfereji wa chini ya mlango kulikuwa na changarawe, ile inayomwagwa njiani wakati wa barafu na kuingia majumbani kwenye viatu. Papa Deo alinimulikia kwa simu. Nikaitoa kokoto moja, ya ukubwa wa dengu, kwa ncha ya kalamu. Mlango ukafunga.

"Siku tatu," bibi akasema. "Kwa jiwe hilo."

Ndipo nilipomwambia sisi ni nani na tunamtafuta nani. Alisema kahawa kwanza. Papa Deo alijaribu kumuuliza kwenye lifti, akajaribu tena sebuleni baada ya kuvua viatu. Kila mara bibi alisema, "Strax," yaani punde, na kuleta kitu kingine mezani: maandazi ya mdalasini, kisha biskuti, kisha maandazi mengine. Waswidi ni watu wa utaratibu. Niliheshimu. Papa Deo alikula manne.

Kikombe cha pili kilipokwisha alikunja kitambaa chake, akasema Anselmo hayupo. Alihama mwaka jana, miguu ilipomsumbua na lifti ikawa kama tulivyoiona. Sasa yuko Farsta, nyumba ya wazee. Alikuwa na anwani. Tungeweza kuipata mlangoni dakika arobaini kabla.

"Ni mtu mwema," alisema wakati anatuaga, "ila husema ukweli kwa bei yake."

MÄRSTA HADI FARSTA

Sina mengi hapa. Ni kurudi njia ile ile yote tuliyoijia, kisha treni ya njia ya kijani kwenda kusini. Tulisimama mara mbili kwa theluji. Njaa ilimshika Papa Deo tena, akaitazama ile longaniza ya kukaangwa iliyobaki, akanitazama.

"Usinipe," nilimwambia.

"Sikukupa."

"Umenitazama."

"Nilikuwa naiaga."

FARSTA

Mzee Anselmo alikuwa kwenye chumba cha pamoja, kofia ya sufu kichwani, anagombana na televisheni. Alipomwona Papa Deo alizima sauti.

"Deo! Nilidhani umekufa."

"Miye nilidhani weye umekufa, Mzee. Simu yako haiiti."

"Simu iliniudhi." Akanyoosha mkono. "Umeleta nini?"

Kiswidi chake ni cha kiwandani, cha zamani, kimejaa amri. Aliishika longaniza mbichi, akaikunja, akaivuta, akaitazama kwenye taa. Ile iliyokaangwa akaivunja, akanusa, akatia mdomoni. Papa Deo alisimama mikono nyuma, mtu wa miaka hamsini na mbili, kama anasubiri cheti.

"Umeifunga vizuri," mzee akasema mwishowe. Papa Deo alipumua.

Nikauliza swali langu. Nililiuliza kwa usahihi: utumbo uliompa Deo katika makopo ya aiskrimu ulikuwa wa mnyama gani?

Anselmo alitafuna mpaka akamaliza. "Wanakula watu wangapi?"

"Kama hamsini," nilisema.

"Miaka mingapi?"

"Sita."

"Na mmenialika mara ngapi?"

Papa Deo alitazama sakafu. Mimi napenda usahihi. "Hata mara moja," nilisema.

"Basi jibu langu liko huko longaniza inakoliwa."

Nilimsihi. Nilimwambia habari ya akika, ya wakwe, ya uso wa Papa Deo. Alisema vizuri sana, kesho, atakuja, yuko tayari sasa hivi. Nikaona labda nimlainishe kwa elimu, nikampa kadi. Aliisoma kwa kusogeza kidole, Lucania, Warumi, yote, akanirudishia.

"Askari sijawaona," alisema. "Mimi namjua mama yangu. Jikoni kwetu kulikuwa na mti mrefu umelazwa juu, na longaniza zimening'inia. Zikiwepo, mtu yeyote anaweza kubisha hodi. Zikiisha, mama alikuwa anafunga mlango wa mbele na kuzima taa, aonekane hayupo. Hiyo ndiyo maana yake. Una kitu cha kumkatia mgeni." Akatafuta kofia yake, ambayo ilikuwa kichwani. "Nilipokuja huku, mama alidhani Uswidi ni nchi ya neema, mbwa wanafungwa kwa longaniza badala ya kamba. Nimetazama mbwa wa Stockholm miaka hamsini. Kamba tu."

Niligeuza kadi nikaandika maneno yake upande wa nyuma. Ilimchukua dakika arobaini kuvaa, muuguzi akaandika wapi anakwenda na namba zetu, na tukatoka na kigari chake cha kutembelea katika theluji. Njia nzima mpaka Norsborg alikataa kusema. Aliwasalimia abiria wote. Kati yao watatu walijibu, na mmoja akampisha Papa Deo kiti akidhani ndiye mgonjwa. Usiku mzee alilala kwa Papa Deo.

NORSBORG, JUMAPILI MCHANA

Longaniza zilikaa mbichi kwenye ndoo yao jikoni mwa ukumbi. Bi Zuhura alikuwa amesema sufuria zake hazitaguswa, na Papa Deo alikuja na kikaango chake mwenyewe, akasimama kando ya jiko bila kuliwasha, amevaa suti.

Baada ya dua na jina la mtoto, nilisimama. Wengi mlikuwepo, kwa hiyo mnajua sikuremba. Nilisema kwamba miaka sita iliyopita niliwaambia mle kwa sababu ya asili ya neno, na kwamba neno halikunipa haki ya kusema hivyo. Nyama naijua. Ngozi sikuijua na sikuuliza. Papa Deo hana kosa. Alipokea zawadi ya fundi wake. Mwenye jibu ni huyu mzee, na lolote atakalosema, lawama ni yangu.

Papa Deo alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshika kikaango kama kofia.

Bi Mwanaisha akaondoa mto mgongoni pake, akamgeukia Anselmo.

"Mzee, shikamoo hujui, basi habari. Hebu niambie mie. Mnyama gani?"

Nikatafsiri kwa Kiswidi. Anselmo akajibu kwa Kihispania, kwa kuwa lilikuwa jambo zito.

"Amesema *oveja*," nikawaeleza, "neno ambalo asili yake ni Kilatini—"

"Asemaje?" mama mmoja wa nyuma akauliza.

"Oveja. Ni neno la—"

"Oveni?" mwingine akasema. "Ya kuokea?"

Watu wakaanza kubishana. Anselmo alitazama huku na huku, akanitazama mimi na kadi yangu, akapoteza subira. Aliweka viganja viwili kichwani kama masikio yaliyolala, akainua kidevu, akalia kwa nguvu zote za mapafu yake:

"Mee-e-e-e!"

Mjukuu wangu aliamka. Nilimwona Papa Deo akiweka kikaango juu ya jiko polepole, kama mtu aliyeshusha mzigo kutoka kichwani.

Mimi sikutosheka. Nikamuuliza Anselmo, mbele ya watu, iweje kondoo awe na milimita ishirini na saba. Alisema ndiyo maana aliupata: kiwandani kulikuwa pia na mashine ndogo ya soseji nyembamba, na kondoo wakubwa kupita kiasi utumbo wao haukuingia, ulitupwa, yeye akauomba, akaweka kwenye chumvi, na hata alipostaafu waliendelea kumwekea. Nikageuka nieleze pia kwamba kuhusu aliyewachinja kondoo hao sina habari, na kwamba kati yetu wapo wanaokula kilichochinjwa na watu wa Kitabu, Wakristo na Wayahudi, na wapo wasiokula, na kila mmoja—

"Baba Asha," Bi Mwanaisha akanikatiza, "hilo ni langu na Mola wangu. Mzee ameshasema. Wewe kaa."

Nikakaa. Jiko likawashwa. Bi Mwanaisha alipoletewa sahani alikata kipande kwa kisu, akatafuna, akakata cha pili. Hakuna aliyegusa chake.

"Fundi wake ni nani?"

Papa Deo akamwonyesha Anselmo. Anselmo, kwa wakati ule ule, akamwonyesha Papa Deo.

"Haya," Bi Mwanaisha akasema, akivuta kanga yake kupisha nafasi pande zote mbili. "Wakae hapa wote wawili."